Kofia Isiyo na Mshono

Magamba, Mpanda
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Leokadia,

Najua mstari huu unausoma kwa kukisia, kwa sababu miwani umeiacha tena jikoni. Nenda ukaichukue. Nitakusubiri hapa.

Umeipata? Basi amahoro, mushiki wanje, amani kwako dada yangu. Goti la kushoto linasemaje siku hizi? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja, amezaa kweli au bado anawadanganya? Katika barua yako ya Julai uliandika kwamba huko kilimani maji ya kunawa asubuhi yanauma kama siafu. Nilimsomea wifi yako Esperansia maneno hayo huku wote wawili tunajipepea kwa mifuniko ya sufuria. Sisi tu wazima. Mashamba tumeyasafisha, tunangoja mvua. Tumbaku niliiacha tangu mwaka jana, mgongo ulipokataa. Vitabu vyangu vipo, ila mchwa wamesoma viwili kabla yangu.

Naandika Kiswahili kama kawaida yetu. Kirundi chetu kimebaki cha mdomoni. Tukikitia kwenye karatasi, shule ya makazi ya wakimbizi, iliyotufundisha Kiswahili tu, inatusuta.

Siku nilipokupigia simu kukueleza habari za Neema, mtandao ulikatika katikati. Najua ulisikia "amejifungua" ukaanza kupiga vigelegele, maana vigelegele ndivyo nilivyovisikia vya mwisho. Sikuwa na moyo wa kukupigia tena. Sasa nakuandikia nusu ya pili, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kulia.

Neema wa mwanangu Yona, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni kabla hujarudi Burundi, alijifungua mtoto wa kike wiki saba kabla ya wakati. Kilo moja na nusu. Nimewahi kununua sukari nyingi kuliko hiyo. Wakalazwa hospitali mjini, katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, Neema akimbeba kifuani ngozi kwa ngozi kutwa kucha. Muuguzi wa pale, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, alitueleza kwamba adui wa kwanza wa mtoto kama huyo ni baridi, na baridi huingilia kichwani. Baridi, dada! Mpanda! Nilitoka nje jasho linanitiririka, nikijiuliza adui huyo amepitia njia gani.

Sasa unajua ninakoelekea. Katika ukoo wetu kofia ya kwanza ya mtoto haitoki dukani wala kwa jirani. Mama aliwafumia wote waliozaliwa makazini kwa spoku mbili za baiskeli. Mikono yake ilipochoka ukashika wewe. Ulipoondoka ulinikabidhi zile spoku mbele ya wifi yako, ukasema, "Zakaria, wewe ndiye uliyebaki unayejua." Na kweli nilijua, kwa kuwa ulinifundisha mwaka ule nilipovunjika mguu, wavulana wakaniita bibi mpaka nilipopona nikawatandika mmoja mmoja. Lakini nikiri jambo moja. Tangu uondoke sikufuma hata kofia moja. Watoto wote wa nyumba hii walizaliwa wanene, na kila mara nilijisingizia kwamba joto linatosha.

Safari hii sikuwa na pa kukwepea. Mtoto alikuwa amevikwa soksi ya mpira ya baba yake, Daudi, iliyokatwa kisigino na kufungwa fundo juu. Soksi ilifuliwa, sikatai. Lakini mtoto wetu aanze maisha ndani ya soksi ya beki wa timu ambayo mwaka huu wote imeshinda mechi moja, tena kwa sababu wapinzani hawakufika? Nikasema hapana.

Kwa siku tano nilifuma kofia ya kwanza kwa spoku za Mama, kwa njia yake: unafuma kitambaa bapa, unakikunja, unakishona kwa nyuma. Nikaipeleka nikiwa nimevaa koti. Muuguzi aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Kazi nzuri, babu. Ila huu mshono?"

"Huo ndio unaoifanya iwe kofia."

"Utamkwaruza. Ngozi yake ni kama utando wa maziwa. Niletee isiyo na mshono."

"Kofia isiyo na mshono inafumwaje?"

"Mimi ni muuguzi, babu. Fundi ni wewe."

Nikauliza basi kichwa kina ukubwa gani, maana pale hatuingii ovyo. Wazee tunachungulia dirishani. Akasema kama chungwa. Dada, unanijua. Mtu akiniambia "kama chungwa" nitataka kujua chungwa lipi. Nilikwenda sokoni nikanunua matatu, dogo, la kati na kubwa, nikarudi kuyapanga dirishani ili Neema achague. Akatazama kichwa cha mwanawe, akatazama machungwa, akaonyesha la kati. Yale mawili nikampa mlinzi. La kati nikalibeba mpaka nyumbani, nikaliweka juu ya kabati, na kwa kuwa namjua wifi yako, nikaliandika kwa kalamu: SI LA KULIWA.

"Umefikia hapo?" Esperansia akaniuliza. "Unaandikia matunda barua?"

"Ni kipimo."

"Haya, Bwana Kipimo. Chakula je, nacho nikiandike?"

Yeye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hawezi kushika sindano, lakini mdomo haujapinda.

Nikaapa kwamba sitakanyaga tena hospitali mkono mtupu. Esperansia alikwenda kila siku na uji. Mimi nilibaki na chungwa. Niliwaambia watu ni kwa sababu ya kazi. Wewe nikwambie ukweli: niliogopa kufika siku moja nikaambiwa nikae chini kwanza. Akirudi, Esperansia alikuwa anasema, "Anaendelea vizuri." Na katika maisha yangu nimewasikia wengi wakisema hivyo juu ya watoto.

Mwalimu nilimpata kwa jirani. Mama Kulwa hukumkuta. Ni Msukuma; familia yake ilihamia hapa na ng'ombe kutoka Shinyanga, na tulijuana siku ng'ombe wake walipokula maharage yangu yote isipokuwa mstari mmoja. Tulipelekana kwa mjumbe, tukatoka huko ndugu. Zamani alifanya kazi Mwanza kwa mtu aliyekuwa akifuma masweta ya shule, na mashine ilipoharibika walikuwa wanafuma kwa mikono.

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mti. "Mwangaluka, babu! Umekuja kusomea ukina mama?" Kisha akasema, "Leta uzi. Saa moja tu nakufumia."

"Haiwezekani. Lazima itoke mkononi mwetu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tulivyo."

Akanitazama. Watu wenye ng'ombe wanaelewa mambo ya ukoo kuliko wengine. "Basi kaa chini," akasema. "Lakini kwangu wanafunzi hawajibu."

Mtindo wenyewe, dada, shika kiti. Hufumi kwenda na kurudi kama tulivyozoea. Unafuma kwa kuzunguka, mbele kwa mbele, kama mtu anayezunguka nyumba bila kuingia ndani. Vitanzi vyote unavigawa kwenye sindano nne zilizokaa mraba, na ya tano ndiyo inayofanya kazi. Sindano zote zina ncha pande mbili. Ukishika moja, nne zinakuchoma. Siku ya kwanza nilijiona kama mtu anayejaribu kumvisha nungunungu shati.

Sindano hizo zilitoka wapi? Spoku za Mama ni mbili tu, na sikuthubutu kuzikata. Nikaenda kwenye baiskeli yangu, nikachomoa spoku tatu za gurudumu la nyuma, nikazikata katikati, nikapata sindano sita, moja ya akiba. Nikazinoa kwenye jiwe nikazisugua kwa majivu mpaka zikang'aa. Kosa langu ni kwamba nilichomoa tatu zilizofuatana, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimenikabili. Hilo tutalirudia.

Kofia ya kwanza ya mviringo ilisimama yenyewe. Siyo sifa. Niliiweka mezani ikasimama kama kikombe. Mama Kulwa akaigonga kwa kucha, ikalia.

"Babu, hiki ni kinu. Kwa nini unakaza hivyo?"

Nikamweleza kwamba mkono huu umefunga tumbaku miaka zaidi ya arobaini. Ukifunga jani kwenye kijiti ukalegeza, jani linaanguka kwenye moto wa bani la kukaushia. Jani moja linatosha kuunguza bani zima na mwaka mzima wa kazi. Mkono uliofundwa hivyo haulegezi. Kila tanzi nililolifunga, lilifungwa lisianguke milele.

"Siyo tumbaku peke yake," akasema Mama Kulwa. "Nyie Warundi mnafuma kama mnafunga mzigo wa kukimbia nao."

Nikamjibu papo hapo, "Na nyie Wasukuma mnafuma kama mnavyochunga. Kila tanzi linakwenda linakotaka, na usiku mnatafutana."

Tulicheka wote, yeye akapangusa macho kwa kitenge. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani neno lake lilinifuata. Nilimkumbuka Mama usiku ule tulipokimbia Burundi, akifunga lile furushi la blanketi, jinsi alivyokaza fundo kwa meno, wewe umeshika taa. Yule Msukuma hakujua alichogusa. Au alijua, watani ndio wanaojua.

Kofia ya pili nililegeza. Vitanzi sitini, kumi na tano kila sindano. Nilizunguka kwa furaha siku mbili nzima, kisha nikaona kitu kinagoma. Nikiivuta huku, inajikunja kule. Nikapitisha kidole kutafuta ndani, kikatokea nje bila kuvuka ukingo. Mzunguko wangu wa kwanza ulikuwa umejipinda mara moja nilipouunganisha, na mimi nikaendelea kujenga juu ya kosa kama serikali. Zamani nilisoma katika kitabu cha hesabu habari za utepe wa namna hiyo, usio na ndani wala nje, nikadhani ni porojo za wataalamu. Nakuthibitishia, dada, upo. Nimeufuma.

Mama Kulwa aliushika kwa vidole viwili. "Hii atavaa nani? Nyoka?"

"Fumua?"

"Fumua, babu. Na ukiunganisha, vitanzi vyote vitazame chini, kama watu wanaosali."

Kofia ya tatu ilikuwa kofia. Nyeupe, laini, mviringo, haina mshono hata ukiutafuta kwa miwani miwili. Lakini kila jioni nilipoipima kwenye chungwa, niliona imepwaya kidogo. Nikajilaumu: mkono umelegea kupita kiasi. Nikafumua, nikashuka hamsini na sita. Baada ya siku kadhaa ikapwaya tena. Hamsini na mbili. Ikapwaya. Arobaini na nane! Nilijiona mtu makini sana. Sasa kumbuka lile joto la Oktoba nililokwambia, na bati la nyumba yangu, na kabati lililo chini ya bati. Hata maandishi yangu ya SI LA KULIWA yalikuwa yanasogeleana kama watu wenye siri, nami sikushuku kitu.

Siku ya kupeleka nilivaa koti, nikaweka kofia na chungwa mfukoni, nikapanda baiskeli. Mita mia mbili za kwanza gurudumu lilicheza kama mlevi anayejaribu kuonekana mzima. Kwenye kibanda cha fundi liliamua kulala kabisa, nami pamoja nalo. Fundi akaligeuza, akaona pengo.

"Mzee, nani kakuibia spoku?"

"Kitukuu wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Wiki nne."

Akanipa maji ya kunywa. Sehemu iliyobaki nilikwenda kwa miguu.

Muuguzi alinifungulia mlango mwenyewe. Neema alikuwa ameketi kitandani, Esperansia pembeni na chupa ya uji. Nikatoa kofia. Neema akaishika, akasema, "Babu, ni nzuri mno," akamvua mtoto soksi, akamvisha. Haikuingia. Ilikaa juu ya utosi kama kizibo cha chupa. Akaivuta taratibu, ikaruka ikaangukia ndani ya uji.

Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kisha nikasikia mtu anacheka, na alikuwa Esperansia, na unajua kicheko cha wifi yako, hakina breki.

"Babu," muuguzi akasema, "huyu leo kapimwa, kakaribia kilo mbili na nusu. Kichwa nacho kinakua. Ulipimia nini?"

Nikatoa chungwa mfukoni. Lilikuwa limenyauka, dogo kama ndimu, gumu kama jiwe. Nilikuwa nalitazama kila siku lakini pale, karibu na kile kichwa, ndipo nilipoliona. Muuguzi alisoma maandishi kwa sauti yake ya mnada, akaita wenzake, wakaja watatu. Mmoja akaomba alipige picha. Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka mwanawe akaamka.

Na mimi, dada, nilisimama pale nimeaibika, na kidogo kidogo jambo lile likaniingia akilini. Chungwa lilikuwa likinyauka siku zote zile mimi nalilinda, na mtoto niliyeogopa kumtazama alikuwa ananenepa. Nikalazimika kuketi chini kwanza, bila kuambiwa.

"Nawa mikono," muuguzi akasema. "Pima mwenyewe."

Nikanawa mara mbili. Hivi vidole unavijua, vina nyufa ambazo tumbaku haijatoka. Nikasema vitamkwaruza kuliko mshono. Akasema, "Weka." Nikaweka kiganja. Kichwa kikajaa humo, kina joto, na chini ya kidole changu cha kati utosi ulikuwa unapiga. Sikuhesabu. Mimi, ambaye huhesabu kila kitu, sikuhesabu.

Nikatoka nikaketi kwenye benchi la nje, nikafumua ile kofia yenye uji, nikaisuuza bombani, nikaunganisha na uzi uliobaki. Kwa kipimo cha kiganja changu ilikuwa inahitaji vitanzi sitini na nne. Nikaanza kuvihesabu kwenye sindano. Nilipopita sitini na nne, Esperansia akanishika mkono.

"Zakaria. Mama mkwe alikuwa anasema usimfumie mtoto kofia ya kesho."

Alisema kweli. Wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi ilikotoka kauli hiyo. Mwaka wa kwanza makazini, Mama alimfumia mdogo wetu kofia kubwa ili imfae mpaka msimu wa baridi, na msimu wa baridi ulipofika kofia ilikuwepo, mtoto hakuwepo. Mimi nakumbuka tu kwamba ilikaa ndani ya sanduku na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Tangu hapo alifuma sawasawa na kichwa cha siku hiyo, wala tanzi moja la ziada, nawe ukafuata, na mimi nilipomtafutia mtoto chungwa nilikuwa nafuata bila kujua.

Nikamwambia Esperansia, "Mama alikuwa na sababu zake." Nikaendelea kuhesabu. Sabini. Themanini. Yeye akanitazama, akaachia mkono wangu, akafungua chupa akanimiminia uji uliobaki. Nikafuma siku ile na iliyofuata, pale pale kwenye benchi, nimelegeza mkono.

Ijumaa iliyopita waliruhusiwa. Mtoto yuko hapa chumba cha pili, analia kwa sauti ambayo kilo mbili na nusu haziwezi kuieleza. Kofia ilimshukia mpaka puani. Muuguzi akaikunja ukingo mara mbili ikakaa sawa. Mikunjo miwili, dada. Mmoja tutaufungua Krismasi. Wa pili nimeupangia Juni, baridi ya kweli ikija.

Barua hii inakuja na mfanyabiashara wa dagaa wa Ikola anayepanda ziwa kwenda Kigoma. Kutoka huko atampa mtu wa kwenu. Msalimie shemeji, umwambie redio yake bado ninayo na bado mbovu. Wasalimie wanao na wake zao, mwalimu wa kwaya aliyekuwa akiniazima vitabu, na jirani yako anayekusaidia kuni. Wifi yako anasema goti lipakwe mafuta ya moto na usilikatalie. Neema na Daudi wanakupigia magoti. Mama Kulwa, ambaye hamjuani, anasema hajaona mwanafunzi mbishi kama mdogo wako. Mtoto atapewa jina Jumapili kanisani. Yanagombaniwa matatu, na lako limo, ila usianze kujivuna.

Jilinde na baridi, mushiki wanje, na unijibu.

Ni mimi mdogo wako,
Zakaria